Nahudumia panya wa utafiti wa mshipa mkuu wa damu, kisha mjomba wangu wa Handeni akapatwa na ugonjwa uleule

Wakuu, habari za mchana. Haya yametokea kwenye ukoo wetu, siongezi chumvi.

Mimi ni mtu wa Kwamndolwa, Korogwe. Kazi yangu ni kutunza panya wa research kwenye chuo kimoja nje ya mkoa.

Panya hao wanawekewa kifaa kidogo chini ya ngozi, kinatoa dawa ya kupandisha presha polepole. Baada ya muda, ule mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo unavimba kwa baadhi yao, kama tyubu ya baiskeli inavyotokeza penye tairi bovu.

Wengine unapasuka. Unamkuta amelala ubavu, amekwisha.

Si kazi ya kuchekelea, lakini ndiyo inayonilisha.

Mwaka jana nikiwa likizo nikaenda Handeni kumwona mjomba Salehe, kaka wa mama. Mkulima wa mahindi, mvutaji wa sigara tangu ujana.

Nikamkuta amelala mkekani, tumbo wazi. Pembeni bibi mmoja anayesifika kwa kuchua matumbo anapasha mafuta ya nyonyo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ngiri hii itaniua, mwanangu."

Nikaangalia tumbo. Juu ya kitovu palikuwa panadunda, panainuka na kushuka. Nikaweka kiganja. Nikawakumbuka panya wangu.

Nikamwomba yule bibi asichue. Akaniuliza kama mimi ni daktari.

"Hapana bibi. Natunza panya wenye ugonjwa unaofanana na huu."

Mke wa mjomba akakasirika. "Panya na mume wangu wapi na wapi?"

Mjomba mwenyewe ndiye aliyeamua. Akashusha shati, akasema twende hospitali.

Njiani kwenda Korogwe akaniuliza, "Hao panya wanaumia?"

"Tunawapa dawa ya maumivu. Lakini mwisho wanakufa, mjomba."

"Na dawa mmeshaipata?"

"Ya kuzuia uvimbe usikue, bado. Kwa binadamu ni upasuaji."

"Hata sisi tunachinja. Ila mnyama hachezewi. Kama ni lazima, fanyeni kwa adabu."

Wakuu, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kazini.

Ultrasound ikaonyesha mshipa umevimba sana. Daktari akaandika rufaa, akapiga marufuku kuchua na kubeba mizigo, akasema na ndugu zake wa damu wapimwe.

Tukawa tunasubiri siku ya upasuaji. Haikufika. Ijumaa moja mchana mjomba alianguka akitawadha; mshipa ulikuwa umepasuka. Tulimzika palepale kijijini.

Msibani mkewe akaniambia mbele za watu, "Ungeacha achuliwe, pengine leo tungekuwa naye."

Nilirudi kazini na maneno yale, na kila nikifungua mlango wa chumba cha panya nilikuwa naingia taratibu, kwa adabu kama alivyosema mjomba.

Eda ilipokwisha akanipigia simu mwenyewe. Nilidhani nitalaumiwa tena.

"Niko hospitali Korogwe," akasema. "Nimewaleta wadogo zake marehemu mume wangu. Walikuwa hawataki, nimewaambia mimi sitaki kulia tena msiba kama ule."

Mmoja hana tatizo. Hassani, yule wa mwisho, amekutwa na uvimbe, mdogo bado. Daktari anaufuatilia kwa ultrasound, na sigara ameacha.

Nilichojifunza: tumbo linalodunda kama moyo si la kuchuliwa, pimeni kwanza. Na akipatikana mmoja kwenye ukoo, hasa palipo na wavuta sigara na wenye presha, wengine msikae kimya.

Sasa naomba msaada. Kama humu yupo aliyefanyiwa upasuaji wa mshipa huu akapona, au ana ndugu aliyepona, aandike ilivyokuwa. Hassani hana simu ya intaneti, na anaogopa.

Nitamsomea.