Pampu Iliyolia Chini ya Siti

Leo nimeinua siti ya nyuma ya gari langu ili nisafishe mchanga. Harufu ya petroli ikanijia, nikakumbuka siku tuliyompeleka mdogo wangu hospitali.

Tulitoka Ipuli asubuhi. Baba aliendesha gari lake. Mimi nilikaa nyuma na mama, naye alimpakata mdogo wangu, ambaye homa ilimchemsha hata kulia hawezi. Kwa wiki nzima gari lilikuwa likitetemeka kila liliposimama, na baba alishabadilisha plagi za injini mara mbili. Tulipofika Isevya likazimika, likakataa kuwaka.

Baba alifunua boneti, akaanza kufungua plagi zilezile.

"Baba watoto," mama alisema kwa upole, "si plagi. Ni pampu ya mafuta."

"Umejuaje?"

"Ukizungusha ufunguo huwa inalia hapa chini yangu. Wiki hii sauti imekuwa ikififia. Leo sijaisikia kabisa."

Baba alimtazama, kisha akaja nyuma, tukashuka, akainua siti. Waya wa pampu ulikuwa umelegea na kushika kutu ya kijani. Akaukwangua kwa kisu, akaukaza. Alipozungusha ufunguo, sote tulisikia mlio mwembamba. Injini ikawaka, ikatulia bila kutetemeka.

Mdogo wangu alipona. Siku tuliyomrudisha nyumbani, baba alizungusha ufunguo nusu, akasubiri bila kugeuka.

"Inalia," mama alisema kutoka nyuma.

Ndipo akawasha. Akafanya hivyo kila safari, mpaka alipoliuza gari lile.