Diski nzima

Ninyi vijana mutakaosoma hii, mashini hizi za kompyuta munazijua kunishinda. Mimi masomo yaliishia mwaka wa pili. Nikieleza vibaya mucheke, lakini musikie kilichotokea nyumbani kwangu, maana mpaka leo nikikutana na yule mama sokoni nashindwa kumuangalia usoni.

Alikimbia vita ya Kibati. Alikuwa mujane, mume wake alikuwa ameongoza kwaya ya parokia yao. Alifika na godoro moja na diski kubwa ya mashini, ameifunga ndani ya kitenge. Ndani ya diski mulikuwa nyimbo za kwaya, na sauti ya mume akifundisha waimbaji, akiwagombeza, akikohoa. Picha yake hakuwa nayo hata moja. Nilimupa nafasi sebuleni.

Mujukuu wangu alikuwa anajifunza kutengeneza mashini kwenye atelye moja ya Ndosho. Alitaka kuweka sistemu tatu, zile programu zinazoendesha mashini, juu ya diski moja. Unaikata vipande kama shamba, aliniambia, kila sistemu inapata chake, na ukiwasha, mashini inakuuliza unaingia wapi. Diski yetu ilikuwa ndogo, basi akaomba ya mugeni. Alimuahidi kwamba kipande cha nyimbo hakitaguswa. Mugeni aliangalia chini kidogo, akasema, "Chukua tu." Mimi nilikuwa pale nachagua maharagwe. Nilifurahi hata, kwamba mutoto amepata.

Mashini ilimuuliza kwa Kiingereza. Hakuelewa, akapigia mwenzake wa atelye simu, akamusomea. Mwenzake akasema, "Inauliza, diski nzima?" Mujukuu akafikiri inataka kujua kama diski ni nzima, haijaharibika. Akajibu ndiyo. Sistemu ya kwanza ikachukua diski yote, ikafuta kila kitu kimya kimya. Yeye akaendelea kukata vipande vyake.

Zote tatu zilikubali. Alituita, akafungua moja, akafunga, akafungua ingine. Wajomba zake wakapiga makofi, wakamuita enjeniere. Mugeni alingoja makofi yaishe.

"Na mume wangu, ameingia katika ipi?"

Mujukuu alifungua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna kitu. Fundi mukubwa wa atelye alijaribu sana kurudisha. Alipata kipande cha wimbo mumoja, sauti za wanawake tu.

Niliketi na mugeni inje. Nilimuuliza kwa nini hakukatala, wakati diski ilikuwa yake. Nilikuwa natafuta kumupa naye sehemu ya kosa, na haya hiyo ndiyo inanichoma zaidi. Hakukasirika.

"Ningesema hapana, mama, ningelala wapi?"

Niliingia ndani, nikaita watu wote wa nyumba, mujukuu na macho yake yamevimba, pamoja na wale wapiga makofi. Nikawaambia: "Mutu aliyekimbia vita akilala hapa, musimuombe kitu. Hata chumvi. Ikikosekana, tutakula bila chumvi."