Kumpumzisha Benchi

Mbwa huyo aliitwa Benchi kwa sababu Mungu alipokuwa akimpa mgongo alijisahau, na alipofika kwenye miguu mbao zilikuwa zimekwisha. Kichwa chake kikishaingia sebuleni, mkia bado uko jikoni unasalimiana na watu. Jina alipewa na mke wa mwenye nyumba, marehemu sasa, mama mcheshi ambaye hakuacha kitu bila jina la utani, akiwemo mumewe. Mume naye akaitwa Mikono, na mtaa mzima ukafuata.

Mikono alikuwa mkandaji. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kinachotazama barabara: kitanda kirefu cha mbao chenye tundu la kuwekea uso, mataulo yaliyokakamaa kwa kufuliwa, na chupa ya mafuta ndani ya beseni la maji ya moto ili mteja asishtuke. Makuli waliingia wamejikunja kama ndoano, wakatoka wamenyooka. Walikuja madereva, waashi, mafundi cherehani, hata mwalimu mkuu mmoja mnene ambaye akilala, kitanda kilianza kulalamika kabla yake. Mikono hakuwauliza wanaumwa wapi. Hilo ndilo lilikuwa jivuno lake. Mteja akifungua mdomo aeleze, alimkatiza: "Nyamaza, ndugu yangu. Mgongo wako umeshaniambia." Na kweli, gumba lake lilitembea mara moja tu kando ya uti wa mgongo, likasimama, na mteja akaruka: "Hapo hapo!" Sifa za namna hiyo humlevya mtu. Akishazoea kujua bila kuuliza, kuuliza kwenyewe kunaonekana kama kuomba.

Benchi alikuwa karani wa mlangoni. Alimpokea kila mgonjwa, akamnusa viatu, akamsindikiza mpaka kitandani, kisha akarukia stuli ya dirishani kuangalia barabara. Alipanda na kushuka kutwa nzima, kwa mlio wa tumbo kugonga ubao, na watu walicheka. Tangu mama wa nyumba afariki, Mikono alizungumza na mbwa huyo, jike aliyemwita "mama", kuliko na watu. Binti yake, aliyebaki naye na ambaye alifanya kazi duka la vitambaa, alizoea kumsikia asubuhi akimsomea Benchi lawama za mtaa mzima.

Siku moja Benchi hakurukia stuli. Alisimama chini yake, mgongo ameuinua kama paka, anatetemeka. Binti alipotaka kumbeba alilia kilio ambacho hawakuwahi kukisikia.

"Baba, mpeleke kwa daktari wa mifugo," binti alisema. "Na tafadhali, usimkande."

"Nani amesema nitamkanda? Mimi nakanda watu."

Akamfunga ndani ya shuka kuukuu, akampeleka. Mpaka hapo alikuwa hajakosea kitu, na hilo ndilo linalomuuma zaidi akikumbuka.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye haraka lakini si mkali. Chumba chake kilinukia dawa ya kusafishia sakafu. Alimweka Benchi juu ya meza ya bati, akapitisha vidole mgongoni taratibu, na vilipofika karibu na kiuno Benchi akalia. Mikono alivitazama vile vidole kwa jicho la fundi mwenzake. Akaona vinajua kazi.

"Ni mgongo," daktari alisema. "Hawa wenye umbo refu hivi, ugonjwa huu huwapata sana. Mzee, huyu inabidi tumpumzishe. Tena tuanze leo leo, maana tukichelewa atateseka bure. Nisubiri nikachukue sindano."

Akaingia chumba cha ndani.

Sasa, neno hilo lilikuwa na historia yake na Mikono. Mkewe alipolazwa hospitali, alikaa siku nyingi bila usingizi, anagugumia usiku na mchana. Asubuhi moja Mikono alikutana na muuguzi kwenye ujia wa wodi, naye akamwambia kwa sauti ya chini: "Mzee, mama amepumzika." Mikono alifurahi. Alimshika yule muuguzi mikono miwili. "Ahsante, mwanangu, ahsante sana! Basi msimwamshe. Nitarudi baadaye na supu." Muuguzi akabaki ameduwaa, na Mikono akaenda zake akipiga mluzi. Aliporudi na chupa ya supu alikuta kitanda kimetandikwa shuka jipya. Alikuwa ameshukuru kifo cha mkewe, kwa sauti kubwa, mbele za watu. Aibu ile hakumwambia mtu ila Benchi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Neno lile lilikuwa limeshamwingia Mikono upande mmoja na lilikuwa halitoki tena. Tumpumzishe, leo leo, na sindano inakuja. Alihitaji kusema maneno mawili tu: "Kumpumzisha vipi?" Hakuyasema. Akamkunja Benchi ndani ya shuka, akatoka kwa mlango wa mbele, na alipofika barabarani mzee mzima alikuwa anakimbia.

Nyumbani binti alimpokea mlangoni. "Wamesemaje?"

"Wanataka kumpumzisha."

Binti aliziba mdomo kwa kiganja. "Leo?"

"Leo leo. Sindano alishakwenda kuichukua. Nimemtorosha."

Mtu mwingine angeuliza kidogo: anaumwa nini hasa, hakuna dawa nyingine? Lakini binti naye alikuwa ametoka nyumba ile ile, yenye msiba ule ule. Alisikia alichosikia baba yake. Alikaa chini, akamwekea Benchi mkono kichwani, wakalia wote wawili kwa jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelisema.

Mikono akajifuta uso, akakunja mikono ya shati.

"Migongo ndiyo kazi yangu," alisema. Safari hii binti hakumkataza. Angemkataza kwa lipi?

Alianza vizuri, na nisimwonee. Alipasha mafuta, akayajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wake, akamkanda Benchi mabega na shingo kwa ncha za vidole kama anayefuta vumbi. Benchi alifumba macho. Jioni alikula. Kesho yake alivuka chumba mwenyewe, polepole, mkia unapepea. Kinyozi wa chumba cha pili akaingia na mkasi mkononi kuja kutazama.

"Daktari gani anakushinda wewe?" kinyozi alisema. "Wangeshamuua, na kaburi tungechimba refu kama mtaro!"

Walicheka. Mikono alicheka kuliko wote, maana furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Wakati ule aliamini kwamba ameirudisha ile siku ya hospitali, ameikamata mlangoni na kuifukuza. Angeishia hapo, kwa vile vidole vya kufuta vumbi, pengine hadithi hii isingekuwa na maana ya kusimuliwa. Lakini fundi akisifiwa hukaza kamba mpaka ikatike.

Siku iliyofuata gumba lake lilipita karibu na kiuno cha Benchi, likasimama. Palikuwa na ugumu hapo, kama fundo la kamba chini ya ngozi. Alilijua fundo hilo. Alikuwa amelifungua kwenye migongo ya makuli tangu ujanani, na dawa yake ilikuwa moja. Akamshika Benchi kiuno kwa mkono mmoja, mabega kwa mwingine, akavuta na kupinda kidogo, kwa ghafla, kabla misuli haijakaza.

Ta!

Ukweli ni kwamba alitabasamu. Kwa watu, mlio ule ndio ulikuwa malipo ya kazi. Mteja aliusikia akacheka, akaamka akijishika kiuno na kumwita Mikono mchawi. Benchi alilia mara moja, kisha akanyamaza, na Mikono akadhani amepona. Akamsimamisha juu ya mkeka.

Miguu ya mbele ilisimama. Ya nyuma ilibaki imelala ubavu kwenye mkeka, kama ya mbwa mwingine aliyesahaulika pale.

"Simama, mama," alimwambia. "Simama bwana, usinifanyie mzaha."

Benchi alijaribu. Alijivuta hatua mbili kuelekea kwake, na ile miguu ikamfuata nyuma ikiburuzika.

Daktari wa mifugo alipomwona amerudi mlangoni na Benchi ndani ya shuka, alitupa mikono juu. "Mzee! Ulikimbilia wapi? Nilitoka na sindano sikukuta mtu, nikakutafuta mpaka barabarani!"

"Sikutaka auawe."

"Auawe na nani?"

"Wewe ulisema apumzishwe."

Neno lilimfikia daktari polepole, na lilipofika uso wake ulibadilika.

"Mzee wangu," alisema, "nilimaanisha apumzike. Alale tu. Tumweke kwenye boksi dogo, asiruke, asipande kitu, wiki kadhaa. Ile sindano ilikuwa ya maumivu na uvimbe." Akamwonyesha kwa ngumi zake mbili alizozigusanisha. "Kati ya pingili na pingili pana kitu laini, kama kigodoro. Chake kilikuwa kimechomoza, kinabana mshipa wa fahamu. Wengi wakitulia, kinapoa. Wanatembea tena."

"Wengi?"

"Wa hali aliyokuwa nayo, wengi."

"Na akikandwa?"

Daktari alitazama ile mikono. Ilikuwa bado inang'aa mafuta. Alimgeukia Benchi, akachukua koleo dogo, akambana kidole cha mguu wa nyuma, akakaza, akakaza tena. Mikono mwenyewe alikunja vidole vyake ndani ya viatu. Benchi hakugeuka hata kuangalia ni nani anayemgusa. Macho yake yote yalikuwa kwa Mikono, anasubiri waende nyumbani.

"Kuna upasuaji, lakini si hapa, na kwa hali hii hata huko wasingekuahidi," daktari alisema. Halafu: "Ningesema alale. Nilichagua neno baya."

"Hapana," alisema Mikono. "Mdomo wa kuuliza nilikuwa nao."

Maji yakimwagika hayazoleki, na kila aliyepita alimwambia hivyo, kana kwamba alikuwa hajui. Kinyozi alikuja kumfariji akaishia kuigeuzageuza kofia yake mapajani. Mikono alifunga chumba cha mbele. Makuli waligonga, wakarudi na migongo yao. Alimwambia binti habari ya hospitali, ile ya supu, kwa mara ya kwanza, na binti akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi pia sikuuliza, baba," alisema.

"Wewe hukuvuta."

Mbwa aliyekufa nusu ana kazi kuliko mtoto mchanga. Hawezi hata kukojoa mwenyewe. Daktari alimfundisha binti namna ya kuweka viganja pande mbili za tumbo la chini, kulitafuta puto la kibofu, na kulibana taratibu mpaka mkojo utoke, asubuhi, mchana na jioni; usipotoka, sumu. Binti alijifunza. Alimtandikia, akamgeuza asiote vidonda, akampitisha taulo chini ya tumbo akambeba sehemu ya nyuma kama toroli ili atembee kwa miguu ya mbele. Mchana aliomba ruhusa dukani akakimbia nyumbani. Na Mikono alishika beseni, alishika taulo, alishika kila kitu isipokuwa mbwa. Aliapa kwamba mikono ile haitamgusa tena. Benchi akijiburuza kumfuata, yeye alihama kiti.

Binti alimvumilia, kisha siku moja akachoka. "Baba, unamkimbia. Anadhani amekukosea."

Mikono alikwenda kumwaga maji ya beseni.

Halafu ikaja siku mwenye duka alimkatalia binti ruhusa. Mchana ukapita, binti hakutokea. Benchi alianza kuhema. Tumbo lilikuwa limekaza, na alimtazama Mikono, akatazama mlango, akamtazama tena Mikono, na kutoa mlio mwembamba, wa adabu, kama mtu anayeona haya kusumbua. Mikono alitoka mpaka barabarani. Aliangalia huku na huku. Akarudi.

Alitandika gazeti kuukuu sakafuni, akapiga magoti. Alipompelekea Benchi ile mikono iliyonyoosha mtaa mzima, alisubiri ajikunje, au anune, au aonyeshe meno. Aliyataka yale meno. Mbwa wa watu humng'ata hata anayemkanyaga mkia kwa bahati mbaya, naye alikuwa amemvunja mgongo.

"Ning'ate," alimwambia. "Ning'ate basi, mama, hata mara moja tu."

Benchi alilala ubavu mwenyewe, akampa tumbo, akaweka kidevu juu ya goti lake na kushusha pumzi.

Mikono akaweka viganja pande mbili. Akalitafuta lile puto, akalipata, ngozi yake nyembamba kama ya yai. "Hapa?" aliuliza. "Nabana sana? Niambie." Aliuliza hivyo muda wote, kwa mbwa ambaye huko nyuma hasikii maumivu hata ukimkata, na mkojo ukaanza kutoka polepole kwenye gazeti. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta, maana yote miwili ilikuwa kazini.