Mapanga Aliyoyafunga Mume Wake

Juzi, kwa fundi umeme mmoja wa Kariakoo, mama mmoja alitua mezani pangaboi lililoviringishwa kanga. Fundi akalizungusha kwa kidole.

“Mama, mapanga yamepinda, ndiyo maana linatikisika. Tuweke mengine.”

“Usiyatoe, mwanangu. Mume wangu aliyafunga mwenyewe, wiki ile aliyokwenda vitani. Barua zimekatika tangu masika.”

Fundi akayanyoosha moja moja, kisha akapaka grisi.

“Ukilifuta vumbi na kulipaka grisi, litadumu miaka.”

“Mimi nataka lidumu mpaka arudi,” akasema, akiliviringisha tena taratibu.

Nilikuwa nimekwenda kumgombeza fundi kwa kunicheleweshea pangaboi langu. Zamu yangu ilipofika, nikamwambia langu halina haraka.