Mtama Niliowapikia Wakwe wa Dada

Kwanza wasomaji mnivumilie, mwandiko wangu unapinda kama njia ya ng'ombe na herufi nyingine huenda nimeziweka pasipo pake, maana niliishia la saba na kalamu naishika mara chache. Naandika polepole, na leo polepole zaidi, kwa sababu jambo lenyewe linanitia aibu mpaka sasa, na hapa kwetu Nkololo bado kuna watu wakiniona nakatiza gulioni wanaulizana kwa makusudi, "Jamani, firigisi iko wapi?" halafu wanacheka.

Ilikuwa ile miaka biashara ya pamba ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakajaa Bariadi mjini, nikapata kazi ya kuosha masufuria kwenye nyumba ya wageni walimofikia. Mpishi wa pale alikuwa anachanganya mkate na mboga, anajaza tumboni mwa kuku, na firigisi anaikatakata humo humo, wala hakuna mteja aliyewahi kuiulizia. Nikawa namtazama, nikadhani na mimi nimeshakuwa mpishi (kumbe nilichokijua vizuri ni kusugua masizi).

Basi wakwe walipokuwa wanakuja kupanga mahari ya dada yangu Kabula, nikaomba ruhusa nikarudi nyumbani. Mchumba wake alikuwa ametuma neno mapema kwamba baba yake, Mzee Ngasa, ndiye atakayeongoza maongezi, na kwamba mzee huyo na ngano hawapatani kabisa, akila hata kipande cha chapati anavimba tumbo na kuumwa. Mama akasema, "Si shida, tutapika wali." Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia. Lakini mimi ambaye huwa sisemi mbele za watu, siku hiyo nikafungua mdomo, nikamwambia mama:

"Mayu, wali kila mtu anapika. Niachie mimi nipike kama mjini, ila natia mtama badala ya mkate."

Shangazi, dada yake baba, akanipima kwa macho toka juu mpaka chini. "Mtoto wa kiume jikoni siku ya wakwe? Haya, jifunge kanga basi."

Nikajifunga (kanga yenyewe ya kwake, ya maua mekundu). Nikautwanga mtama kidogo tu upasuke bila kuwa unga, nikauloweka, nikauchemsha mpaka ukaiva lakini bado unatafunika, nikakaanga vitunguu kwa mafuta ya pamba, nikatia karoti, hoho, nyanya na majani ya kunde, nikachanganya. Majogoo wetu walikuwa wagumu wanahitaji mchuzi, kwa hiyo sikuwajaza kitu tumboni, mtama nikauacha uwe wa kula kando. Nikaonja, nikaona umepungukiwa kitu. Zile firigisi mbili zilikuwa kwenye sinia, pale Kabula alipoziweka alipokuwa anawapasua majogoo, mkono ukaenda wenyewe kama niko hotelini, nikazikata vipande vidogo kama punje, nikamwaga humo. Nikaonja tena. Ulikuwa mtamu, hilo siwezi kulificha.

Sasa, kwetu firigisi ina mwenyewe. Anawekewa mgeni mkubwa, nzima, juu ya nyama, aione, na mwanamke haili hata siku moja. Haya nayajua tangu utotoni, ila siku hiyo akili yangu ilikuwa bado Bariadi.

Wageni wakafika, tukasalimiana mwadila, mwadila, wakakaa kwenye vigoda uani. Bakuli moja la mtama likaenda kwa wanaume, jingine kwa wanawake nyuma ya jiko. Nikachungulia mlangoni: Mzee Ngasa akala mtama, akaongeza, akaongeza tena. Kichwa kikanivimba. Kisha akaanza kupekua bakuli la nyama kwa kidole, akageuza paja, akageuza shingo, akamwambia baba kwa upole unaotisha, "Mkwe wangu, majogoo wa hapa wanazaliwa bila firigisi?"

Baba akamwita mama. Mama akamwita shangazi. Shangazi akasema kuku waliandaliwa na Kabula. Hapo ndugu mmoja wa Mzee Ngasa akaguna, "Binti anakula firigisi hajaolewa bado! Akifika kwetu si atatumaliza?" Wakaanza kuokota fimbo zao waondoke.

Kabula alikuwa jikoni na mimi, amesikia yote, machozi yanamtoka kimya kimya. "Masunga," akaninong'oneza, "umezipeleka wapi?"

 Nikaona dawa ni kuchinja jogoo mwingine upesi, nitoe firigisi, niseme ilisahaulika. Lakini jogoo aliyebaki nadhani alishaona yaliyowapata wenzake. Nilipomrukia akapita katikati ya miguu yangu mbio hadi uani, nami nyuma yake, nikajikwaa kwenye fimbo ya mgeni, nikaangukia miguuni pa Mzee Ngasa, kanga ikabaki nyuma (nashukuru ndani nilivaa kaptula).

"Na huyu ni nani?" akauliza.

"Mpishi," baba akajibu, kama mtu anayemkana mtoto wake.

Nikasema pale pale chini, bila kuinua uso, "Kabula hajala. Firigisi zimo kwenye mtama. Nilizikata mimi."

Mzee Ngasa akatazama bakuli lililobaki tupu. "Kwa hiyo nimezila?"

"Ndiyo, baba."

"Zote?"

Hapo ningesema ndiyo, yangeisha. "Nyingine wamekula akina mama."

Nyuma ya jiko shangazi akapiga yowe, "Mamaaa! Kumbe huu ndio utamu mliokuwa mnatuficha miaka yote!"

Mzee Ngasa alijaribu kukaza uso ukamshinda, akacheka mpaka akashika tumbo (nikaogopa labda kuna ngano ilinipita). Alipopata pumzi akasema binti hana kosa, anamtaka, lakini heshima yake yeye imekatwakatwa, kwa hiyo kwenye mahari anaondoa ng'ombe mmoja mwenye ndama. Baba akakubali kabla hajamaliza kusema. Kabula aliolewa, na baba mpaka leo akisimama zizini ananitazama mimi, halafu anatazama pale ambapo yule ng'ombe angelala.

Mimi nimeapa, sikati tena firigisi ya kuku yeyote kabla sijauliza mwenyewe ni nani, hata nikipika peke yangu. Nanyi wasomaji niandikieni jinsi ilivyo kwenu, msiogope mwandiko, hata ukiwa mbaya kama huu nitausoma. Shangazi ndiye anayenisukuma niulize: kama kuna mahali wanawake wanagawiwa firigisi, semeni, maana nauli anasema anayo.