Majani ya Jirani Aliyekaa Eda

Kupiga hodi kwa watu ni kazi inayonishinda. Darasani naweza kumaliza wiki nzima sijanyoosha mkono, sembuse kusimama uani kwa mtu na kiroba. Lakini likizo ile mama alinituma kila Jumamosi kwa jirani yetu, mama mwenye duka, aliyefiwa na mumewe. Alikuwa amekaa eda, hatoki nje ya ua wake, na mparachichi wake ulipukutisha majani hadi yakafunika njia ya chooni. Zamani marehemu ndiye aliyeyatoa. Sasa niliyatoa mimi, nikayapeleka kwetu, tukayapanga na samadi ya mbuzi na maganda ya ndizi. Udongo wa bustani yetu umechoka, mchicha unaota mwembamba kama uzi, na sisi tunakula kwa kuuza mboga. Mvua ikitukuta bila mboji, hatuna kitu.

Jumamosi moja nilikuta majani yamefagiliwa rundo moja. Nikafungua kiroba. Sauti yake ikatoka nyuma ya pazia.

"Binti, leo yaache."

"Shikamoo," nikasema, maana nilikuwa nimesahau.

"Marahaba. Yaache tu mwanangu. Wifi yangu atayachoma."

Wifi mwenyewe, dada wa marehemu, alikuwa barazani anakunywa chai. "Taka za nyumba yenye msiba zinabebwa na watu baki," akasema, "tena hawa wa kutoka Burundi. Mnazifanyia nini huko kwenu?"

Aliyetoka Burundi ni babu yangu. Mimi nimezaliwa hapa hapa Kasulu. Nilikunja kiroba nikaondoka, masikio yanawaka.

Nilipomsimulia mama, nilidhani atapandisha hasira. Akaendelea kumwagilia. "Kafiwa yule, anaogopa. Hata mimi nisingempa mtu taka zangu kama sijui zinakwenda wapi. Na kuja kuona hawezi."

Hilo la mwisho likanikaa. Kesho yake asubuhi, baridi bado ipo, nilichimba katikati ya lundo letu nikajaza beseni. Mvuke ulitoka kama kwenye uji. Nikajitwika. Vijana wa bodaboda pale kona wakanicheka: "Dada, hicho kiporo unampelekea nani?" Nikazidi kutembea. Ningesimama kujibu, ningerudi nyumbani.

Jirani alipofungua mlango, maneno yote niliyoyapanga njiani yalipotea. Nikatua beseni. "Ndiyo majani yako, mama. Tunayaozesha tu. Hatufanyi kingine."

Akachuchumaa, akaingiza kiganja, akakitoa haraka.

"Mbona yana moto? Mmeyapika?"

"Yanajipika yenyewe. Ukiyarundika na samadi."

Akachambua taratibu mpaka akapata jani la mparachichi lililobaki mishipa mitupu. Akaliangalia kwa muda. Kisha akanusa vidole.

"Mh. Yananukia shamba."

Wifi akauliza kutoka ndani ni nani huyo asubuhi yote hii.

"Mtoto wa jirani," akajibu, bila kugeuka. "Amefuata majani."

Akaniambia nikalete kiroba, ila mboji ile nimwachie, ana mche wa pilipili nyuma ya jiko. Nilikimbia. Ni mama aliyenikumbusha, nilipofika, kwamba beseni nililoliacha kule ndilo la kufulia, na sare zangu zote ziko kwenye ndoo zinasubiri, na shule inafunguliwa kesho.