Bi Duni na Kifungu cha Tisa

Bi Duni binti Matano hajui kusoma, lakini kipo kifungu kimoja cha mkataba anachokijua neno kwa neno. Nimewahi kumsikia akikisema peke yake huku anasokota.

Alizaliwa Makoongwe, kisiwa kidogo mbele ya Mkoani, Pemba, akaolewa hapo na kufiwa na mume hapo. Kazi yake ni kamba. Makumbi ya nazi hufukiwa katika tope la pwani, yakakaa humo karibu mwaka mzima, kisha hufukuliwa na kupigwa kwa rungu mpaka zibaki nyuzi tupu, ndipo zikasokotwa. Wanawake kumi na wanne walisokota pamoja naye, na yeye ndiye aliyewauzia. Nyumba yangu iko jirani na yake, na kwa kuwa nilifika darasa la sita, karatasi zake nilimsomea mimi.

Mwaka 1957 kamba zao zilipelekwa kwa tajiri mmoja wa Mombasa. Barua ikarudi kwamba zote zimeoza na hazilipwi. Bi Duni akavuka kwenda Mkoani kwa Nyange, wakala wa tajiri yule, akamwambia kamba hazikuoza. Nyange akamwonyesha mkataba: unafuata sheria za Kenya na shauri husikilizwa Mombasa, mwenye neno aende huko. Bi Duni hajapata kupita Chake Chake. Hakwenda. Baadaye wanawake wawili watatu wakaanza kusema kwamba labda alilipwa pesa, akazila peke yake. Neno hilo lilimkaa, na hakuwa na mahali pa kulikanushia.

Kwa hiyo mwaka 1959, Nyange alipokuja na mkataba mwingine na kibweta cha wino, Bi Duni alikificha kidole gumba ndani ya ngumi.

"Soma," akaniambia.

Nilipofika kifungu cha tisa alinisimamisha. "Hapo. Rudia."

"Mkataba huu utafuata sheria za Kenya."

"Futa."

Nyange akacheka. "Bi Duni, hiyo imepigwa mashine. Karatasi zote za tajiri ziko hivyo, hata za matajiri wa Wete."

"Basi kanunue kamba Wete."

"Na kwani Mombasa si ya Seyyid wa Unguja? Bendera ni moja, hapa na kule."

"Bendera moja, mahakimu mbalimbali. Huyo wa kule amepata kuyaona makumbi yakifukuliwa?"

"Hakimu haangalii makumbi, mama. Anaangalia karatasi."

"Ndiyo mana nikakwambia futa."

Marobota arobaini ya kamba yalikuwa tayari, yamejaa baraza nzima, na chombo kilikuwa kinaondoka kesho yake. Moza, dada wa marehemu mumewe na mmoja wa wasokotaji, akamvuta kanga. "Tia dole, wifi. Tutazila kamba?"

"Na mwaka juzi mlikula nini?"

Moza akaiachia kanga. Nyange akatazama marobota, akatoa kalamu, akakata "Kenya" na kuandika "Unguja". Nikasoma.

"Haya. Na shauri litasikilizwa wapi?"

"Sheria za Unguja, mama. Umeshashinda."

"Sikukuuliza sheria. Nakuuliza mie nitasimama wapi."

Mimi nilidhani limekwisha. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa sheria ya kufuatwa ni jambo moja na mahali pa kusikilizwa ni jambo jingine. Ukiandika la kwanza tu, unaweza kuitwa Mombasa ukahukumiwe huko kwa sheria ya kwenu.

Nyange akaongeza: "Na shauri lolote litasikilizwa Chake Chake, Pemba." Akatia sahihi pembeni, kwenye nakala zote mbili. "Nikifukuzwa kazi, utanifundisha kusokota."

"Na mikono hiyo? Utaanza kwa kupiga makumbi." Ndipo akatoa kidole.

Mwaka uliofuata tajiri alikataa marobota yote arobaini, kwamba yameoza. Safari hii ilimbidi yeye ayarudishe Pemba na kumtuma Nyange mahakamani. Wanawake wote kumi na wanne walivuka kwenda kusikiliza.

Hakimu alisoma kifungu cha tisa, kisha akauliza nani anaweza kumwonyesha kamba mbovu ni ipi. Nyange mwenyewe akamtazama Bi Duni. Bi Duni akaomba ruhusa, akakaa sakafuni, akaanza kufumua kamba moja kutoka kila robota. Alivuta uzi, akaunusa, akaweka upande wa kulia. Ilichukua asubuhi nzima. Thelathini na nne alizipitisha. Zile sita zilizobaki nyuzi zake zilikuwa nyekundu, na alipozivuta zilikatika kama majani makavu. Makumbi yake yalifukuliwa kabla ya miezi kutimia. Angeweza kusema yaliharibiwa na maji ya chomboni. Nilimwona alivyomtazama Moza, na Moza alivyoinamisha kichwa.

"Haya sita ni mabovu, bwana hakimu," alisema. "Yametoka kwangu yakiwa mabovu."

Hakimu akaamua kwamba tajiri apokee thelathini na nne na kuyalipia, na Bi Duni asokote mengine sita badala ya yale.

Nje, Nyange alimwambia, "Ungenyamaza, mama, asingejua mtu."

"Kunyamaza nimeshanyamaza mwaka ule wa Mombasa."

Njiani Moza alitembea nyuma ya wenzake. Tulipofika Makoongwe, Bi Duni alimwambia maneno machache tu: "Kesho ukafukie mengine. Na miezi nitahesabu mie." Makumbi ya marobota yale sita Moza aliyapiga peke yake.

Tangu siku hiyo sijasikia mtu akilirudia lile neno la kula pesa za kamba za watu. Hakuna aliyekuja kumtaka radhi pia. Nyange alipoleta mkataba wa mwaka 1961, kifungu cha tisa kilikuwa kimepigwa mashine kama alivyokitaka. Bi Duni hata hivyo alinipa karatasi nikisome, mara mbili, kidole kikiwa ndani ya ngumi.